Maji Yapitayo Ndani ya Kalibu: Namna ya Kuipima Kazi ya Mifereji ya Kupozea

Kusubu ni kuyeyusha metali, kuimimina katika kalibu, na kuiacha igande ikiwa imechukua umbo la kalibu hiyo. Ufundi huu ni wa kale sana, na katika miji yetu bado unafanywa kwa njia nyepesi: mafundi huyeyusha pistoni mbovu na mabaki mengine ya alumini, kisha huimimina katika kalibu ya mchanga ili kupata sufuria. Kalibu ya mchanga hutumika mara moja tu. Sufuria ikishatoka, mchanga huvunjwa na kushindiliwa upya. Hapana haja ya kuipoza kwa maji, na kwa kweli kufanya hivyo ni hatari kubwa, kama tutakavyoona.

Viwandani hali ni nyingine. Kifuniko cha injini au nyumba ya giaboksi ya gari aghalabu husubiwa katika kalibu ya chuma cha pua, ambayo yatakiwa kutoa vifaa maelfu kwa maelfu vilivyo sawa. Alumini iliyoyeyuka husukumwa ndani yake kwa shinikizo kubwa, ikaijaza katika sehemu ndogo ya sekunde. Metali ikiganda, kalibu hufunguliwa, kifaa hutolewa, uso wa kalibu hupuliziwa dawa ya kuzuia kunata, kisha kalibu hufungwa na duru nyingine huanza. Kila duru huacha joto ndani ya chuma. Lisipoondolewa, kalibu itazidi kupata moto mpaka alumini igome kuganda kwa wakati, au inate kwenye uso wa kalibu na kutoka imeraruka. Ndiyo sababu ndani ya kalibu hutobolewa mifereji myembamba ya kupitishia maji.

Swali la makala haya ni moja: tutajuaje kwamba mifereji hiyo inafanya kazi yake? Mwalimu wa fizikia atafurahi kuona kwamba jibu lake lote limo katika fizikia ya sekondari. Atasikitika kidogo pia, kwa kuwa ni swali ambalo watu wenye uzoefu mwingi hulijibu vibaya kila siku.

JOTO LENYEWE NI KIASI GANI?

Tuchukue kifaa chenye kilo 2 za alumini. Metali yaingia katika kalibu ikiwa na halijoto ya nyuzi 680 za Sentigredi, na kifaa chatolewa kikiwa na nyuzi 350. Katika safari hiyo kila kilo hutoa joto la aina mbili. La kwanza ni joto fiche la kuganda, ambalo kwa alumini ni karibu kilojuli 390 kwa kilo. La pili ni joto la kushuka kwa nyuzi 330. Na kwa kuwa kila kilo ya alumini hutoa takriban kilojuli 1 kwa kila uzi mmoja ikiwa katika halijoto hizo, tunapata kilojuli 330. Jumla ni kilojuli 720 kwa kilo, yaani kilojuli 1,440 kwa kifaa kizima.

Mwanafunzi na aone hapa kwamba zaidi ya nusu ya joto hutoka wakati metali inapoganda. Mtu aangaliaye kipimajoto peke yake angedhani kwamba wakati huo hapana jambo kubwa litendekalo.

Duru moja ikichukua sekunde 60, basi kalibu hupokea kilojuli 1,440 kila dakika, ambazo ni kilowati 24. Birika la umeme la kawaida hutumia kama kilowati 2. Basi kalibu hii, ambayo mtu aweza kuikumbatia kwa mikono miwili, hupokea joto la mabirika kumi na mawili yachemkayo kwa pamoja, mchana na usiku. Sehemu moja ya joto hilo huondolewa na dawa ipuliziwayo, sehemu nyingine huenda hewani na katika mwili wa mashine. Kubwa zaidi yapaswa kuondolewa na maji.

SAFARI YA JOTO KUTOKA METALI HADI MAJI

Ili joto litoke katika uso wa kalibu na kuingia katika maji, yapaswa kuvuka vizuizi vilivyopangwa mmoja baada ya mwingine, kama vile mkondo wa umeme uvukavyo vikinzani vilivyoungwa kwa mfululizo. Katika umeme, tofauti ya volti ikigawanywa kwa ukinzani hutupa mkondo. Katika joto, tofauti ya halijoto ikigawanywa kwa ukinzani hutupa kiasi cha joto kipitacho. Aliyekwisha kuielewa kanuni ya Ohm hana jambo jipya la kukariri hapa.

Kizuizi cha kwanza ni chuma chenyewe. Chuma cha pua kinachotumiwa kwa kalibu za namna hii huwa na chembe za kromi, molibdenamu na vanadi ili kivumilie moto, lakini nyongeza hizo hukifanya kiwe mpitishaji hafifu wa joto: kama wati 25 kwa mita kwa kila uzi, ambapo shaba safi hupitisha karibu 400. Tuseme mfereji umetobolewa milimita 20 chini ya uso. Basi unene huo wataka tofauti ya nyuzi 0.8 kwa kila kilowati moja ipitayo katika mita moja ya mraba. Tuuite ukinzani wa 0.8.

Kizuizi cha pili kimo ndani ya maji. Maji yagusayo ukuta wa mfereji hayatembei, yameung'ang'ania ukuta. Joto hulazimika kuvuka utando huo mwembamba kabla ya kufikia maji yanayokimbia. Unene wa utando huo hutegemea tabia ya mtiririko, na hapa twakutana na jaribio mashuhuri la Osborne Reynolds, aliyekuwa profesa wa uhandisi mjini Manchester, Uingereza. Mwaka 1883 alieleza jinsi alivyopitisha maji katika bomba la kioo na kutia katikati yake uzi mwembamba wa rangi. Maji yakienda polepole, uzi wa rangi ulinyooka kama umechorwa kwa rula. Yalipoharakishwa kupita kiasi fulani, uzi ulikatika ghafla na rangi ikatapakaa katika bomba zima. Mtiririko wa kwanza ni tulivu, wa pili ni wa vurugu.

Reynolds alionyesha kwamba mpaka kati ya tabia hizo mbili hutegemea namba moja: mwendo wa maji mara kipenyo cha bomba, gawanya kwa mnato wa maji. Mnato unaotajwa hapa ni ule uliokwisha kugawanywa kwa densiti. Namba hiyo ikiwa chini ya 2,300 hivi, mtiririko ndani ya bomba ni tulivu. Ikizidi 4,000, kwa kawaida ni wa vurugu. Mfereji wetu una kipenyo cha milimita 10 na wapitisha lita 10 kwa dakika. Mwendo wake ni karibu mita 2.1 kwa sekunde, na namba ya Reynolds ni kama 26,000. Ni vurugu tupu, na katika kazi hii vurugu ndiyo tuitakayo, kwani huukwangua utando wa maji yaliyosimama na kuuacha mwembamba sana. Kwa kutumia kanuni ambazo wahandisi wamezizoea tangu miaka ya 1930, ukinzani wa utando huo ni 0.1 tu katika vipimo vyetu vya juu.

Jumla ya vizuizi viwili ni 0.9. Uso wa kalibu ukiwa na wastani wa nyuzi 220 na maji nyuzi 30, tofauti ni 190. Gawanya 190 kwa 0.9, utapata kilowati 211 kwa mita ya mraba. Mfereji wetu huenda na kurudi ndani ya kalibu kwa jumla ya sentimita 85, kwa hiyo eneo la ukuta wake ni mita za mraba 0.0267. Joto linaloingia katika maji ni kilowati 5.6. (Hesabu hii imeichukulia kalibu kama bamba bapa. Kwa mfereji wa duara mambo huwa na mikunjo zaidi, lakini mantiki haibadiliki.)

Je, tumtie msomaji majaribuni kidogo? Fundi ataka kalibu ipoe zaidi. Anunue pampu kubwa ili maji yawe lita 20 kwa dakika? Kwa mtiririko huo ukinzani wa utando wa maji utashuka kutoka 0.1 hadi 0.06. Jumla itakuwa 0.86 badala ya 0.9, na joto litaongezeka kwa asilimia 5 isiyotimia. Kumbe shinikizo la kusukuma maji litakuwa limepanda karibu mara nne, na nguvu za pampu karibu mara nane! Fedha imetumika mahali ambapo hapakuwa na kizuizi. Kizuizi kikubwa kilikuwa chuma, na chuma hakijui kama pampu imebadilishwa.

GAMBA LA CHOKAA

Kizuizi cha tatu hakimo katika mchoro wa mhandisi. Huja chenyewe.

Msomaji aishiye mahali penye maji magumu, kama yalivyo maji ya visima vingi vilivyochimbwa katika mawe ya chokaa, anakifahamu kitu hiki: ni ule ukoko mweupe uliomo ndani ya birika. Maji ya namna hiyo hubeba haidrojenikaboneti ya kalsiamu iliyoyeyuka. Yakipashwa joto, kampaundi hiyo huvunjika na kuacha kaboneti ya kalsiamu, ambayo haiyeyuki kwa urahisi na hujishikiza palipo na moto zaidi. Katika birika, ni kwenye kitako au waya wa umeme. Katika kalibu, ni kwenye ukuta wa mfereji, hasa pale penye joto jingi. Yaani gamba hujijenga mahali pale pale ambapo tungependa lisiwepo kabisa.

Gamba la chokaa hupitisha joto vibaya. Kiasi chake hutofautiana kwa kadiri lilivyo gumu au lenye vinyweleo, lakini tukichukua wati 1 kwa mita kwa kila uzi hatutakuwa mbali na ukweli. Basi gamba la milimita moja lina ukinzani wa 1.0, sawa na kuongeza milimita 25 za chuma kati ya mfereji na metali. Jumla ya vizuizi yapanda kutoka 0.9 hadi 1.9. Joto laanguka kutoka kilowati 211 hadi 100 kwa mita ya mraba, na mfereji uliokuwa ukiondoa kilowati 5.6 sasa waondoa 2.7. Milimita moja imekula zaidi ya nusu ya kazi, wala mtu aliye nje ya kalibu haioni.

Kwa kweli hali ni mbaya zaidi ya hesabu hii, kwa sababu metali haitapunguza joto lake eti kwa kuwa mfereji umechoka. Duru zikiendelea vilevile, uso wa kalibu utapanda juu ya nyuzi 220 mpaka joto lipate njia. Vifaa vitaanza kunata. Msimamizi atarefusha duru kutoka sekunde 60 hadi 75 ili aokoe kazi, na hapo kiwanda kitakuwa kimepoteza kifaa kimoja katika kila vitano bila kujua sababu.

KIPIMAJOTO PEKE YAKE HAKITOSHI

Wakati wa masomo yangu ughaibuni nilipata kumwona msimamizi mmoja wa mitambo ambaye kila asubuhi alipita akigusa kwa kiganja mabomba ya maji yatokayo katika kalibu. Bomba likiwa baridi, aliitikia kwa kichwa na kwenda zake. Likiwa na moto, alimwita fundi. Kiganja chake kilikuwa kipimajoto kizuri kabisa, ila kilikuwa kikijibu swali jingine.

Tuzitazame kalibu nne zilizo sawa. Katika zote maji yaingia yakiwa na nyuzi 26. Joto lichukuliwalo na maji katika kila sekunde ni tungamo la maji yapitayo kwa sekunde, mara 4.19, mara ongezeko la halijoto, na jibu huwa katika kilowati.

Kalibu ya kwanza ina mfereji safi wenye lita 10 kwa dakika, yaani kilo 0.167 kwa sekunde. Maji hutoka yakiwa na nyuzi 34. Ongezeko ni 8, na joto ni kilowati 5.6, kama tulivyokwisha kuona.

Ya pili ina mfereji safi na lita 20 kwa dakika. Maji hutoka yakiwa na nyuzi 30 na ushei. Joto ni kilowati 5.9.

Ya tatu ina gamba la milimita moja na lita 10 kwa dakika. Maji hutoka yakiwa na nyuzi 30 kasoro kidogo. Joto ni kilowati 2.7.

Ya nne ni safi, lakini vali imefungwa karibu yote. Maji ni lita 0.8 tu kwa dakika. Mtiririko umekuwa tulivu, utando wa maji umenenepa, na ukinzani wake umepanda hadi 4 hivi. Maji hutoka yakiwa na nyuzi 45. Joto ni kilowati 1 na kitu.

Msimamizi wetu angezisifu ya pili na ya tatu kwa pamoja, kwa kuwa mabomba yake yana ubaridi ule ule, ingawa moja hufanya kazi maradufu ya mwenziwe. Na mtu wa mawazo kinyume, asemaye kwamba maji yatokayo na moto ndiyo yaliyobeba joto jingi, angeisifu ya nne, iliyo mbovu kuliko zote. Halijoto ya maji yatokayo, ikiwa peke yake, haisemi lolote. Yapaswa kupimwa pamoja na mtiririko, na kwa mfereji mmoja mmoja. Mifereji mingi huungwa sambamba kutoka bomba moja kubwa, na maji, kama umeme, hupendelea njia nyepesi: mfereji ulioziba nusu huyaachia maji yake kwa jirani, na kipimo kilichofungwa kwenye bomba kubwa hakitagundua chochote.

Tukipima hivyo mifereji yote mitatu ya kalibu yetu ya mfano, tutapata jumla ya karibu kilowati 17 kati ya 24 zilizoingia. Kilowati 7 zilizobaki zapaswa kuonekana katika dawa, hewa na mashine. Hii ndiyo mizania ya joto, na ni kipimo cha kwanza ambacho ningekidai kwa mtu yeyote aniambiaye kwamba kalibu yake inapoa vizuri.

Kipimo cha pili hufanywa ndani ya chuma. Waya mbili za metali tofauti zikiunganishwa ncha, huzalisha volti ndogo ncha hizo zikiwa katika halijoto mbalimbali. Jambo hilo liligunduliwa na Thomas Seebeck mwaka 1821. Tukichimbia viungo viwili vya namna hiyo, kimoja milimita 5 na kingine milimita 15 chini ya uso wa kalibu, tofauti yao hutuambia joto lipitalo hapo. Katika mfereji safi wa mfano wetu wastani wa tofauti hiyo utakuwa nyuzi 84. Penye gamba, uso ukibaki na nyuzi 220, utakuwa 40. Hapa hatuhitaji hata kuyagusa maji.

UMBALI WA MFEREJI, NA HATARI YAKE

Kama chuma ndicho kizuizi kikubwa, kwa nini mfereji usisogezwe karibu na uso? Wabunifu hulifikiria jambo hilo sana, na wana sababu nyingine ya kulitamani. Habari ya joto husafiri ndani ya chuma polepole, na muda wake hukua kwa mraba wa umbali. Katika chuma tunachokizungumzia, milimita 10 huchukua kama sekunde 14. Milimita 20, kama sekunde 57. Milimita 40, karibu dakika nne. Kwa duru ya dakika moja, mfereji ulio mbali milimita 40 haujui kwamba kifaa kimesubiwa na kutolewa. Wenyewe huona wastani tu. Ulio karibu huhisi kila duru, na hata kuufungulia au kuufungia maji katikati ya duru huwa na maana.

Lakini ukaribu una bei yake. Uso wa kalibu huguswa na alumini ya nyuzi mia sita na zaidi, kisha baada ya nusu dakika hupuliziwa dawa yenye maji. Ngozi ya chuma hutanuka na kusinyaa maelfu ya mara, wakati mwili wa nyuma yake umetulia. Mwishowe hutokea nyufa ndogo ndogo zilizoungana kama wavu, mfano wa tope la ziwa lililokauka. Mfereji ukiwa karibu mno, tofauti za halijoto katika chuma hicho chembamba huwa kali zaidi, na ufa hauna safari ndefu kabla ya kulifikia tundu la maji.

Hapo suala si la ubora tena, bali la uhai wa watu. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke katika shinikizo la kawaida la hewa huwa karibu lita 1,700. Maji machache yakifunikwa na alumini iliyoyeyuka hayana nafasi ya kutanuka taratibu. Hulipuka, na metali hurushwa pande zote. Ndiyo sababu kupima mifereji hujumuisha pia kuijaribu kwa shinikizo kabla ya kazi: mfereji hujazwa, huzibwa, na sindano ya kipimo hutazamwa kwa dakika kadhaa kama itashuka. Na ndiyo sababu fundi wa sufuria aliye chini ya mwembe hukausha kwanza vyuma vyake na kuangalia sana unyevu wa mchanga kabla ya kumimina. Hana mifereji, lakini sheria ya mvuke ni ile ile.

METALI HUWEKA KUMBUKUMBU

Kuna shahidi mwingine asiyeweza kuhongwa, naye ni kifaa chenyewe. Alumini husinyaa kwa karibu asilimia 6 inapoganda. Sehemu iliyochelewa kuganda, ikiwa imezungukwa na sehemu zilizokwisha kuganda, haipati metali ya kujazia upungufu huo, na ndani yake hubaki vitundu. Picha ya eksirei huvionyesha. Vikitokea daima mahali pamoja, mfereji wa jirani una kesi ya kujibu.

Aidha, metali ikigandishwa, fuwele zake hukua kama miti yenye matawi. Kifaa kikikatwa, kikasuguliwa na kutazamwa kwa hadubini, nafasi kati ya tawi na tawi yaweza kupimwa. Kadiri upoaji ulivyokuwa wa kasi ndivyo nafasi zilivyo ndogo. Kwa kukadiria, kasi ikiongezeka mara nane, nafasi hupungua kwa nusu. Metali yenye matawi yaliyosongamana kwa kawaida ina nguvu zaidi. Basi hadubini yaweza kutuambia jinsi kalibu ilivyokuwa ikipoa siku kifaa kile kiliposubiwa, hata kama miaka imepita.

Tangu miaka ya 1990 wabunifu wamepata njia mpya ya kuunda kalibu: unga wa metali huunganishwa tabaka juu ya tabaka, kwa gundi au kwa miale ya leza, badala ya chuma kizima kutobolewa. Kekee hutoboa tundu lililonyooka tu, lakini kwa njia hii mfereji waweza kujipinda na kufuata umbo la kifaa kwa umbali ule ule kila mahali. Faida yake ni ya kweli. Hata hivyo nina shaka na wale waionao kuwa dawa ya kila ugonjwa: mfereji uliojipinda hauwezi kusafishwa kwa kupitishwa fimbo, kuta zake huwa na mikwaruzo, na chokaa hupapenda mahali pa namna hiyo. Kiwanda kisichosafisha maji yake hakitasaidiwa na mfereji wa leza.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: debe lenye lita 5 za maji ya moto ya nyuzi 80 hivi, mita moja ya bomba jembamba la shaba lililosokotwa kama koili, ndoo ya maji baridi iliyowekwa juu ya meza, mpira wa kuunganisha na kibano cha kurekebishia mtiririko, vipimajoto vitatu, silinda ya kupimia, saa.

Zamisha koili katika debe, mwanafunzi mmoja akikoroga maji ya moto polepole kwa mti mrefu. Rekebisha mtiririko uwe lita moja kwa dakika, ukiupima kwa silinda na saa. Andika halijoto ya maji yaingiayo, yatokayo, na ya debe, kila baada ya nusu dakika. Tafuta joto lililochukuliwa na maji baridi. Kisha tafuta joto lililopotezwa na debe katika muda huo huo, na ulinganishe. Debe litakuwa limepoteza zaidi kidogo. Wanafunzi waeleze ziada imekwenda wapi.

Sasa punguza mtiririko hadi robo lita kwa dakika na urudie, ukianza tena na maji ya nyuzi 80. Maji yatatoka yakiwa na moto zaidi. Je, joto lililobebwa limeongezeka? Mwisho, paka koili rangi ya mafuta matabaka manne au matano, iache ikauke kabisa, na urudie kwa lita moja kwa dakika. Rangi imechukua nafasi ya gamba, ingawa safari hii limekaa upande wa nje. Anayeshughulika na maji ya moto avae viatu vilivyofunika vidole, na debe lisisogezwe likiwa limejaa.

MASWALI

1. Mfereji wapitisha lita 6 za maji kwa dakika. Maji huingia yakiwa na nyuzi 25 na kutoka yakiwa na nyuzi 37. Ni kilowati ngapi ziondolewazo?

2. Katika kalibu yetu ya mfano, gamba lina unene wa nusu milimita. Uso ukibaki na nyuzi 220 na maji nyuzi 30, joto lipitalo kwa kila mita ya mraba ni kiasi gani?

3. Mhandisi mmoja apendekeza sehemu ya kalibu iliyo kati ya mfereji na uso itengenezwe kwa aloi ya shaba ipitishayo joto mara nne zaidi ya chuma cha pua. Kokotoa faida yake mfereji ukiwa safi, kisha uikokotoe tena mfereji ukiwa na gamba la milimita moja. Ungemshauri aanze na lipi?

Majibu: (1) Karibu kilowati 5. (2) Karibu kilowati 136. (3) Mfereji ukiwa safi, ukinzani washuka kutoka 0.9 hadi 0.3, na joto huongezeka mara tatu. Ukiwa na gamba, washuka kutoka 1.9 hadi 1.3, na joto haliongezeki hata mara moja na nusu.